Kicheko Chako Nilichokiigiza Mahakamani

Chumba cha juu, Duka la Saa,
Mtaa wa nyuma ya posta.
Jumapili, tarehe 3 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Nakupa na ya pili hapo hapo, shikamoo, maana miaka saba sijakuamkia hata mara moja na moja peke yake ingeonekana ya kubahatisha.

U mzima? Kifua kinakubaliana na baridi ya huko? Mama anasema umemwandikia kwamba una koti zito lenye kofia, na tangu siku hiyo anamwonyesha kila mgeni kwa mikono jinsi koti lilivyo, utadhani alilishona yeye. Kazi je? Miguu inavimba bado ukisimama muda mrefu? Kula, Dada. Mtu wa kukukaripia huko simjui, kwa hiyo nakukaripia kutoka huku.

Sisi tu wazima. Mama hana neno isipokuwa goti la kulia, ambalo siku hizi linatabiri mvua vizuri kuliko wale wataalamu wa kwenye taarifa ya habari. Miwani yake imepata uzi mahali pa mkono mmoja. Nimemwambia anunue mpya, akaniambia nami ninunue adabu.

Usishtuke na mwandiko. Najua ulizoea kusema ni wa kuku aliyetumbukia kwenye wino, lakini nimejitahidi, hii ni karatasi ya nne, tatu za kwanza nilizitupa chini ya meza. Shule niliiacha mimi au iliniacha yenyewe, hatujakubaliana mpaka leo.

Nakuandikia kwa sababu siruhusiwi kukupigia. Siku uliyoondoka ulisimama mlangoni na begi begani, ukaniambia: "Usinipigie. Sauti yako sitaki kuisikia." Nimetii. Ulipompigia Mama ile mara ya kwanza nikapokea mimi, ulikata, na tangu hapo hupigi, unamtumia ujumbe wa maneno mawili matatu. Karatasi haina sauti. Nadhani hapa sijavunja sharti lako.

Kwanza nijisifu kidogo, maana nisipojisifu utadhani naumwa.

Mdogo wako ni mtu mkubwa, Dada. Nikipita sokoni watoto wananifuata wakipiga kelele, "Redio! Redio!" Kinyozi ananipitisha mbele ya foleni, sharti nimfanyie sauti ya jambazi mwenye jicho moja. Mwaka jana kuna mtu alimpa mbwa wake jina langu. Sijaamua kama ni heshima, lakini mbwa ni mzuri.

Kazi yenyewe ni kuingiza sauti kwenye filamu za nje ili watu wazielewe. Chumba changu kiko juu ya fundi saa, kuta zimebandikwa trei za mayai ili mwangwi usirudi, na mlango una godoro kuukuu. Ndani kuna kompyuta, maikrofoni iliyovishwa soksi, na mimi. Bosi wangu tunamwita Mkurugenzi kwa sababu anavaa tai na kandambili. Yeye ndiye mwenye ukumbi wa pale ng'ambo ya barabara, viti sabini na viwili, kimoja kibovu, na hicho hukaa yeye.

Kanuni ya Mkurugenzi ni moja tu: kusiwe na kimya. Sekunde tatu zikipita bila sauti, watazamaji wanadhani spika zimekufa, wanaanza miluzi. Kwa hiyo mtu kwenye picha akinyamaza, mimi naongea. Akitazama dirishani, nampa la kuwaza. Farasi akisimama tu, namlalamikia kiu. Watu wanacheka mpaka wanapiga viti. Hakuna anayenifikia kwa hilo, waulize.

Nina sauti kumi na tano. Kumi na tatu za wanaume, moja ya mbwa, na ya wanawake moja. Naam, moja. Nabana pua, inatoka nyembamba, basi. Malkia, bibi kizee, mrembo wa jambazi, wote wanaongelea puani. Na wanawake wa kwenye filamu wakicheka, mimi naweka kikohozi. Watazamaji wameshazoea. Wanaamini wanawake wa nje wana vifua vibovu.

Sababu ya kikohozi unaijua. Nitaifikia.

Mwezi uliopita Mkurugenzi alinijia na filamu yenye picha ya nyundo kwenye jalada, amefurahi kweli. Alidhani ni ya mapigano. Tukaiweka. Nyundo ni ya hakimu! Saa mbili nzima watu wamekaa kwenye viti wanaulizana maswali, hakuna hata baiskeli iliyogongwa. Mkurugenzi alilegeza tai, akaniambia: "Redio, hii itie pilipili. Itie pilipili mpaka wasahau wamekaa."

Ni habari ya mpishi wa shule, mwanamke wa makamo, asiyependa maneno mengi. Mwenyekiti wa bodi ya shule alimkuta stoo siku moja jioni, akamfungia mlango. Mwanamke akashtaki. Filamu nzima ni yeye anatafuta mtu wa kumwamini, na kila mlango anaobisha unafunguka nusu.

Lugha yao mimi naijua mpaka "simama" na "usipige risasi", kwa hiyo mwalimu mstaafu wa mtaa wa pili alinitafsiria yote kwenye karatasi. Nikavaa hedifoni, nikaanza.

Wakili wa yule mwenyekiti nilimpenda mara moja. Mtu mtulivu, anaongea polepole kama anayemlaza mtoto, kila swali analifunga na "tafadhali". Sauti yake ilinijia bila kuitafuta. Nikajipongeza, nikasema sasa ninazo kumi na sita. Sikujiuliza nimeitoa wapi.

Ikaja zamu ya mpishi kutoa ushahidi. Nikabana pua: "Niliingia stoo kuchukua sufuria kubwa." Dada, hata mimi sina haya, lakini niliona haya. Yule mama anatazama kamera kwa macho makavu, halafu mdomoni mwake inatoka sauti ya mbu. Nikarudia. Nikaachia pua. Nikashusha sauti chini, nikaitafuta, nikaitafuta, ikatoka yako.

Sisemi iliyofanana na yako. Yako. Ile inayokwaruza mwanzo wa sentensi kama mtu aliyeamka sasa hivi, na ile tabia yako ya kumeza neno la mwisho. Sijaifanya tangu mahakamani. Nilidhani imeshakufa. Kumbe ilikuwa imekaa humo inanisubiri. 

Ningeacha. Sikuacha. Nilikuwa naifanya vizuri mno.

Kwenye karatasi ya mwalimu kulikuwa na neno moja, limeandikwa wazi: "alinibaka". Nilipolifikia nikasoma "alinikosea". Sikulipanga, ulimi wenyewe ulikata kona. Nyumbani kwetu nako hatujawahi kulitaja, tunasema "lile jambo", Baba Mdogo anasema "ile ajali". Mahakama nzima ni wewe peke yako uliyelitamka, na siku ile hukulimeza.

Sasa sikia kilichotokea. Mama alikuwa anatoka kliniki ya goti, akaamua kunipitia na chakula. Ngazi za pale ni kumi na nane, yeye huzipanda kwa mapumziko mawili. Mimi nina hedifoni masikioni, sisikii kitu, naendelea na sauti yako: "Sikumwita mtu kwa sababu hapakuwa na mtu." Nikageuka. Mama yuko mlangoni, kashika ukingo wa lile godoro, anahema, goti linatetemeka. Alizipanda zote kwa mkupuo.

"Yuko wapi?" akasema. "Amefika lini?"

Nikamwambia ni filamu, Mama, ni mimi. Alinisikia lakini hakunielewa. Alitazama chini ya meza. Alisogeza pazia ambalo nyuma yake kuna ukuta. Aliangalia hata nyuma ya mlango. Halafu akaweka bakuli la chakula juu ya kompyuta, akakaa kwenye kiti changu, akaanza kufuta miwani yake kwa khanga, akaifuta, akaifuta.

Dada, siku ile ya mahakamani hatujawahi kuizungumza. Wewe uliinamisha uso karibu muda wote, kwa hiyo kuna vitu hukuviona. Acha nikuandikie nilivyoviona mimi kutoka kizimbani, kama vile hukuwapo.

Nilikuwa na miaka kumi na saba na shati la kuazima. Nilikuwa shahidi wako. Kazi yangu ilikuwa ndogo: niseme ulitoka nyumbani saa ngapi kwenda kwenye hafla ya kumuaga mhasibu wa kiwanda chenu cha kufulia nguo, na kwamba ulirudi na kiatu kimoja, mkono wa blauzi umechanika, ukapita moja kwa moja bafuni ukafungulia maji mpaka pipa likaisha. Nilisema yote. Nilisema vizuri. Mama aliniitikia kwa kichwa kutoka benchi la tatu.

Ndipo akasimama wakili wa meneja wa kiwanda, yule uliyemshtaki. Polepole, kama anayemlaza mtoto.

"Kijana, dada yako alipotoka nyumbani alikuwa na hali gani, tafadhali?"

"Alikuwa anacheka, mheshimiwa."

"Anacheka nini?"

"Nilimtania viatu vyake vipya. Nilimwambia ni vya zimamoto."

Watu wakatabasamu. Nami nikavimba kidogo. Akanisogelea. Akasema ameambiwa nina kipaji, kwamba mtaa mzima unanisifu naweza kuigiza sauti ya mtu yeyote. Nikasema kweli, mheshimiwa, hata ya kwako nipe siku mbili. Wakacheka tena. Akasema: "Basi hebu mahakama isikie. Dada yako alicheka vipi, tafadhali?"

Mwendesha mashtaka wetu alikuwa ameinama chini ya meza anaokota karatasi. Hakimu alikuwa anaandika. Palikuwa na nafasi, Dada. Ilikuwepo nafasi ya mtu kunyamaza. Nikaijaza.

Nilikifanya kicheko chako kuliko siku zote. Kile cha kuanzia chini kama mtu anayekwama, halafu kinafunguka, halafu kinavuta pumzi na kuanza upya. Ukumbi mzima ukacheka. Karani akacheka. Yule meneja akaziba mdomo kwa leso, mabega yanaruka. Wakili peke yake hakucheka. Alisubiri watulie, akageukia hakimu, akasema huyo ndiye mwanamke aliyeieleza mahakama kwamba alikwenda kwenye shughuli ile kwa kulazimishwa na kazi.

Ulikuwa umecheka mchana kweupe, ndani kwetu, kwa ajili ya viatu. Wakili akakichukua kicheko hicho akakibeba mpaka kwenye ofisi ya meneja, saa tatu baadaye, akakiweka pale. Na aliyempa mkononi ni mimi. Kwenye hukumu hakimu alikitaja: "kicheko cha mlalamikaji kama kilivyooneshwa na shahidi." Kimeandikwa, kimepigwa muhuri. Yule bwana akatoka, akarudi kwenye meza yake, na wewe baada ya wiki tatu ukafunga begi.

Tangu siku ile sijakifanya. Lakini chenyewe huja. Nikipiga mswaki nakisikia kimekaa nyuma ya meno. Nikiwa kwenye foleni ya maji mtu akicheka nyuma yangu, shingo inakakamaa. Nyumbani kwa Baba Mdogo kuna mtoto wake mdogo ambaye hata hakujui, amezaliwa umeshaondoka, anacheka vilevile kabisa. Siku anayokuja mimi hutoka.

Turudi kwenye filamu. Ilioneshwa Jumamosi mchana, ukumbi umejaa mpaka ngazi. Karibu na mwisho wakili anamuuliza mpishi: "Kama hayo yalitokea, kwa nini kesho yake ulirudi kazini ukapika kama kawaida, tafadhali?" Yule mama hajibu. Kamera inashuka kwenye mikono yake. Nimehesabu, ni sekunde kumi na moja. Kwa kazi yangu hizo ni mwaka. Na nilikuwa nimeshazitia pilipili. Kwa sauti yako nilisema: "Ningefanyaje, na maharage nilishayaloweka!"

Walicheka wakapiga viti.

Kwenye mstari wa pili kulikuwa na msichana mmoja. Hakucheka. Alisimama, akapita magoti ya watu akiomba radhi, akatoka. Nilimkuta chini nje ya duka la fundi saa, ananisubiri, mikono ameikunja.

"Wewe ndiye Redio?"

"Mwenyewe. Unataka nikufanyie nani?"

"Usinifanyie mtu. Ile sauti ya mpishi ni ya dada yako."

Nikanyamaza. Ndiyo, mimi.

"Mimi ni mpiga pasi pale kiwandani," akasema. "Wiki yangu ya kwanza ilikuwa wiki yake ya mwisho. Alinifundisha kukunja kola. Ile sauti iliniambia 'anza na ncha, usianze na katikati'. Siwezi kuisahau."

Kisha akanieleza mengine, amesimama wima, anatazama saa za dirishani. Meneja ni yule yule. Mlango ni ule ule. Yeye yalimkuta mwaka jana, mwezi wa kumi na moja. Tayari ameshaandikisha polisi na kesi ina tarehe. Akasema: "Jumatatu nakwenda kuifuta. Nilitaka kwanza nione watu wakisikia habari kama hii wanafanya nini. Nilisikia kuna filamu, nikaja nijaribu. Sasa nimeona."

Nikamwambia walicheka utani wangu, hawakumcheka yule mama.

"Utani ulitoka mdomoni kwa nani?" akaniuliza.  Nikamwomba kitu kimoja tu, arudi kesho saa tisa, kabla ya hiyo Jumatatu yake. Hakusema ndiyo.

Jioni ile nilimwambia Mkurugenzi nalifuta lile la maharage, akanifokea mpaka tai ikageukia mgongoni. "Watu wamelipenda! Unalifuta kwa nini?" Nikamwambia nalifuta. "Wakidhani spika zimekufa?" Nikamwambia wadhani. Akasema atamtafuta mwingine. Nikamwambia amtafute, mwenye sauti kumi na sita, na amwangalie kwanza anavyofanya mbwa. Akakaa kwenye kiti chake kibovu, akanuna, basi.

Niliifuta sauti yako yote, Dada. Niliifuta mstari kwa mstari, na kila mstari niliofuta niliusikia mara ya mwisho. Mahali pake nikamwachia yule mama aseme mwenyewe, kwa lugha yake, kwa koo lake. Akimaliza, mimi nafuata chini chini kwa sauti yangu, ya kwangu mimi, ambayo nilikuwa sijaitumia siku nyingi na hata haina uzuri wowote, nasema tu maana yake, kama mtu anayemsomea mwenzake barua. Nilipofika kwenye lile neno nililisema. Nililisema mara sita kabla halijakaa sawa. Na zile sekunde kumi na moja nikaziacha.

Jumapili saa tisa alikuja. Hakukaa, alisimama ukutani karibu na mlango. Wakili akauliza swali lake. Mikono ya yule mama ikaonekana. Kimya. Sekunde ya nne, mluzi. Ya sita, mmoja akapaza sauti: "Redio, betri zimeisha?" Hakuna aliyecheka. Muuza nyama, unamkumbuka alivyo na domo, akamgeukia: "Nyamaza wewe, mtu anafikiri." Basi ukumbi wa watu sabini ukakaa unaitazama mikono ya mpishi mpaka mwisho. 

Msichana alipotoka alinitazama kama ninyi wapiga pasi mnavyoitazama pasi kujua imeshika moto kiasi gani. Akasema, "Afadhali." Akaondoka. Asante sikupewa, wala sikuistahili.

Jumatatu hakwenda kuifuta.

Jumatano nilikwenda mwenyewe kwa mwendesha mashtaka wa kesi yake, mwanamke mmoja mwenye mkoba mzito kuliko yeye. Nikampa maelezo yangu, akayaandika, nikatia sahihi. Nimeeleza wewe ulicheka wapi na kwa nini, na kile kicheko kiliombwaje. Na nimeeleza jambo ambalo nyumbani sijawahi kulikubali. Miaka saba ninasema "niliulizwa, nikajibu". Wewe unajua si kweli. Watu walipokuwa bado wanacheka, nilikirudia. Mara ya pili wakili hakuniomba. Hakuna aliyeniomba. Nilikirudia kwa sababu walikuwa wanacheka, na ndipo ulipoinua uso ukanitazama.

Uso ule ndio ninaouona nikizima kompyuta.

Yule mama wa mkoba aliniambia ukweli bila sukari. Maelezo yangu hayana uzito mkubwa, na wakili wa meneja, ambaye ni yule yule, atanichana kizimbani kama karatasi. Nimemwambia acha anichane. Kesi yako haifunguliwi tena, imekwisha, asikudanganye mtu. Lakini wewe unaweza kuwa shahidi wa huyu msichana wa pasi, kwa sababu mtu ni yule yule na mlango ni ule ule. Tarehe ni 22 Aprili. Anasema huhitaji kusafiri. Utakaa kwenye chumba huko huko uliko, utaonekana kwenye skrini, na utasema mwenyewe, kwa sauti yako.

Sikuombi ukubali. Nilikwishakutumia vya kutosha bila kukuomba. Nimeombwa tu nikufikishie, na ndani ya bahasha hii kuna kikaratasi chenye namba ya yule mama wa mkoba, ameandika kwa mkono wake, si mwandiko wangu, kwa hiyo kitasomeka. Ukikitupa sitajua. Ukiipiga namba hiyo pia sitajua, mpaka siku hiyo. Msichana wa pasi naye ameambiwa asikutegemee. Alisema sawa. Halafu akaniuliza kama bado unaanza na ncha.

Wasalimie wote ulio nao, hasa yule mwenzako wa chumbani anayekupikia ukitoka zamu, mwambie huku ana wadogo zake. Baba Mdogo anakusalimu, anasema kikohozi kimempungua. Shangazi anakusalimu na anauliza kama nywele umekata. Kinyozi anakusalimu bila kuulizwa. Mkurugenzi hakujui lakini ameona naandika, akasema msalimie, huku bado amenuna.

La mwisho ni la Mama.

Juzi alikuja tena kule juu, mapumziko mawili kama kawaida. Akakaa. Akazungukazunguka maneno, mara goti, mara mvua. Kisha akasema taratibu, bila kunitazama: "Ile sauti. Nifanyie kidogo. Hata aniite tu." Miaka saba, Dada. Anasoma ujumbe wako kwa miwani yenye uzi, lakini masikio yake hayajapata kitu tangu siku ile niliyopokea mimi ukakata.

Ningeweza. Ilikuwa hapa kooni, tayari. Nikamwambia hapana, Mama, ile ina mwenyewe.

Hakukasirika. Aliinama akaokota karatasi nilizozitupa, akazikunjua moja moja juu ya goti.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Kila Jumapili saa kumi jioni simu namwachia Mama, dirishani, karibu na kiti chake, na mimi natoka. Nakwenda mpaka mwisho wa barabara ya posta na sirudi mpaka saa kumi na mbili. Nimeanza leo. Nitakuwa natoka hata ikinyesha. Nyumbani hatakuwepo wa kupokea isipokuwa yeye.

Mungu akulinde unapotoka na unaporudi, akupe usingizi usio na mtu ndani yake.

Wako akupendaye, ambaye hatakuigiza tena,
mdogo wako,
Redio.